Bwisya, kijiji ambako safari huanza kwa kuhesabu watu

Mama mdogo wangu hajapanda kivuko tangu Septemba 2018. Si kwamba hana pa kwenda. Ana watoto wawili jijini Mwanza, mmoja Buhongwa na mwingine Igoma, ana wajukuu ambao amewaona kwenye simu tu, na tangu mwaka jana ana karatasi ya daktari inayomtaka aende Hospitali ya Bugando kutolewa mtoto wa jicho. Karatasi hiyo ameikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya Biblia. Kila nilipompigia simu kumkumbusha alinijibu kwamba jicho lililobaki linatosha kuchambulia dagaa.

Mimi huandika habari za afya. Kila wiki nawaambia wasomaji wasichelewe kwenda hospitali, halafu ndani ya ukoo wangu kuna mtu anayepofuka taratibu kwa sababu ya maji yaliyo kati yake na daktari. Nikaomba ruhusa ya siku nne kazini, nikaenda kumchukua.

Kwa asiyefahamu, Bwisya ipo katika kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Ukerewe. Ukitokea Mwanza unavuka maji mara mbili. Kwanza ni meli ya kwenda Nansio, makao makuu ya wilaya, safari ya saa tatu na zaidi ambayo huanza kwa kuliacha nyuma Jiwe la Bismarck na vilima vya mawe vya jiji. Wanaoogopa maji hupita Bunda hadi Kisorya na kuvuka pale kwa kivuko kifupi, lakini hakuna namna ya kufika Ukerewe bila kulowa hata kidogo kwa mawazo. Kutoka Nansio unapanda gari ndogo aina ya Probox, abiria wanne nyuma na mmoja akishiriki kiti na dereva, hadi Bugolora. Hapo ndipo kivuko cha Ukara kinapopakia.

Nilikuwa na muda Nansio nikanywa chai stendi, na nikamkumbuka Aniceti Kitereza, mtoto wa kisiwa hiki, aliyekamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuiona ikitoka kwa Kiswahili mwaka 1980 tu, mwaka mmoja kabla ya kufariki dunia. Watu huisifu kwa mila na desturi zilizomo. Mimi niliposoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka chuoni niliona habari ya mgonjwa na ndugu zake: mume na mke wasiopata mtoto, mganga anayetafutwa mbali, dawa inayotakiwa kunywewa kwa masharti, na ukoo mzima ukiwa na neno la kusema. Hilo halijabadilika sana. Nami nilikuwa njiani kwenda kusema la kwangu.

Nilifika Bwisya Jumatano jioni. Mama mdogo alikuwa amesimama mbali kabisa na gati, chini ya mwembe, mkono mmoja juu ya paji la uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mlikuwa wangapi?"

Nilidhani anauliza wageni aliotakiwa kuwapikia. Nikamwambia nipo peke yangu. Akatikisa kichwa. Alikuwa akiuliza idadi ya watu ndani ya kivuko.

Bwisya si kijiji cha kupigwa picha za kalenda. Kuna gati, kuna soko dogo lenye mabanda ya bati, maduka yanayouza sabuni, vocha na nyavu, vijiwe vya bodaboda, kanisa, msikiti, shule na kituo cha afya. Ufukweni kuna mitumbwi na taa za sola za wavuvi wa dagaa, ambazo usiku usio na mbalamwezi hutapakaa ziwani utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Zamani zilikuwa karabai, na wazee bado wanaziita hivyo. Asubuhi dagaa huanikwa, wengine juu ya chanja, wengine bado juu ya mchanga mtupu, na kwa hili niseme kama mtu wa afya: wa mchanga ni wa bei nafuu, ila meno na tumbo hulipa tofauti. Wa chanja ni wasafi, na ukimla mzima, kichwa na mifupa, mtoto wako anapata madini ya chokaa ambayo wengi tunayatafuta kwenye makopo ya dukani.

Ukipanda kidogo kutoka ufukweni ndipo unapoona kile kilichoifanya Ukara ijulikane kwa watu wasiowahi kufika. Kisiwa chote hakifiki kilomita za mraba 80, sehemu kubwa ni mawe makubwa yaliyopangana, na watu wamejaa tangu zamani kuliko karibu kokote vijijini Tanzania. Mahali pengine watu wa namna hiyo wangekuwa wamehama wote au wamekufa njaa. Wakara walijifunza kulisha udongo. Ng'ombe hafugwi kwa kuachiwa. Hukaa ndani, katika shimo lililochimbwa kwenye nyumba, analetewa majani yaliyokatwa kando ya ziwa na mabondeni, na samadi inayojaa chini yake hubebwa kichwani kwa vikapu hadi shambani. Katikati ya uwele hupandwa marejea, mmea ambao hauliwi, kazi yake ni kufukiwa ardhini uoze na kurudisha nguvu ya udongo. Kisha njugumawe, kisha mtama, na mzunguko unaanza tena. Miti ina wenyewe, hata uliosimama peke yake juu ya jabali. Mabwana shamba wa enzi za Mwingereza walishangaa kiasi cha kuandika makala nzima kuhusu jambo hilo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1936.

Siku hizi muhogo umechukua nafasi kubwa na si kila nyumba ina shimo la ng'ombe. Ya mama mdogo inalo. Ana ng'ombe wawili, mmoja mzee kuliko mimi kwa tabia kama si kwa umri, na alfajiri ya Alhamisi niliamshwa na pumzi zake upande wa pili wa ukuta.

Watafiti waliokuja baadaye waligundua jambo linalonichekesha. Mkara akihamia bara, Geita au Sengerema, ambako ardhi ni tele, anaacha yote haya. Habebi samadi, hapandi marejea, analima tu kama majirani zake. Mama yangu ni ushahidi. Alizaliwa hapa, akabeba kikapu cha samadi hadi alipoolewa Mwanza, na tangu hapo hajagusa hata mbolea ya kuku. Nilipomsimulia mama mdogo habari hiyo alisema, "Dada yangu alikuwa mvivu toka zamani," na akanipa kikapu.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi mama mdogo hataki hata kulisikia neno kivuko. Sababu wengi wenu mnaikumbuka. Alhamisi ya Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, MV Nyerere ilikuwa inarudi Ukara mchana ikiwa na watu, magunia, kreti za soda, vitu vya harusi na gari. Ilijengwa kubeba abiria 101. Ilipinduka ikiwa imebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, mahali ambapo watu waliokuwa nchi kavu waliwatambua ndugu zao kwa sura. Wavuvi waliingia majini na mitumbwi yao kabla ya mtu yeyote wa serikali hajafika. Waliookolewa walikuwa 41. Waliokufa 228. Jumamosi, karibu siku mbili baadaye, mhandisi wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka, na kwa saa chache kijiji kizima kilidhani huenda kuna wengine. Hapakuwa na wengine.

Jumapili ya Septemba 23 ndiyo waliyozikwa hapa wengi wa ambao hawakuchukuliwa na ndugu, mbele ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa. Mama mdogo alinipeleka makaburini Alhamisi hiyo jioni. Hakuzungumza sana. Alisema siku ile alitoa kanga zake zote, doti baada ya doti, kwa sababu shuka hazikutosha kufunika watu pale ufukweni, na kwamba jirani yake aliyekuwa amemwagiza sukari aliletwa akiwa amefunikwa kwa kanga yake mwenyewe. "Niliijua kwa upindo," alisema. Kisha akang'oa majani mawili matatu yaliyoota mahali pasipotakiwa, tukaondoka.

Mtu wa Mwanza mwenye umri wangu alikulia na MV Bukoba. Mei 21 ya kila mwaka tulisikia habari za mwaka 1996 na makaburi ya Igoma. Nilidhani najua maana ya kuogopa maji. Lakini Mwanza una barabara, unaweza kuishi maisha yako yote bila kupanda chombo. Ukara kila kitu ni maji: saruji, mtihani wa taifa, bibi harusi, mgonjwa, maiti. Kuogopa maji hapa ni kama kuogopa mlango wa nyumba yako.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni vitu viwili. Kuna kivuko kingine, MV Ukara II, kikubwa kuliko kile cha zamani. Na sehemu ya fedha za rambirambi zilizochangwa na Watanzania ilielekezwa kwenye kituo cha afya Bwisya, kujenga na kuboresha majengo. Nimekuwa nikifikiria jambo hilo kila mara. Wapo waliosema wakati ule kwamba fedha za wafu ziende kwa wafiwa moja kwa moja, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Lakini nimeshaandika habari za wajawazito wa visiwani waliopakiwa kwenye mtumbwi usiku uchungu ukiwa umekwama, na najua mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana saa nyingi. Kila huduma inayopatikana upande huu wa maji ni safari moja ya usiku iliyofutwa.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kituoni kupima presha, kwa sababu mtu mwenye presha ya juu akifika Bugando kwa upasuaji wa jicho anaweza kurudishwa hadi ishuke, na sikutaka avuke maji bure. Mashine ilisoma 178 kwa 104. Kwa kawaida ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo tayari tunaita presha ya juu.

"Unameza dawa, mama?" muuguzi aliuliza.

"Nameza nikijisikia vibaya."

Muuguzi alinitazama, nikatazama chini. Ni jibu lile lile ninalolisikia Nyamagana, Ilemela na kila mahali. Presha haiumi, ndiyo maana inaua. Ilibainika pia kwamba vidonge vyake vya mwezi mzima alikuwa akigawana na shoga yake wa nyumba ya tatu, ambaye hajawahi kupimwa ila "anasikia moyo unakimbia". Ninaomba wewe unayesoma hapa, kama una mama au shangazi kijijini, usimuulize kama ana dawa. Mwombe ahesabu vidonge vilivyobaki mkiwa kwenye simu. Utashangaa.

Wakati tukisubiri nilikaa na akina mama wenye watoto, na mazungumzo yakaenda kwenye kichocho, kwa sababu ukitaja tumbo katika visiwa hivi utafika huko tu. Kichocho cha huku zaidi ni cha tumbo. Minyoo yake haimezwi, huingia kwa kupenya ngozi mtu anapokuwa majini: anayevua, anayefua, anayechota maji, mtoto anayeogelea. Hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi pembezoni mwa ziwa, na konokono huambukizwa na kinyesi cha binadamu kinachofika majini. Mtu anaweza kuishi nacho miaka bila kujua, hadi ini linaharibika, tumbo linajaa maji au anatapika damu. Dawa ipo, praziquantel, na wanafunzi wa shule za msingi hupewa baada ya kupimwa urefu kwa fimbo maalumu na kula chakula kwanza, maana ukiimeza na njaa kichefuchefu chake ni cha kukumbukwa. Tatizo ni kwamba mvuvi wa miaka 35 hayupo darasani.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa mjini: afanye nini, wakati maji ya kuogeshea mtoto ni hayo hayo ya ziwa? Nilimjibu ninachokijua. Vimelea vile vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi. Maji yaliyochotwa yakakaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuogea yana usalama zaidi, na ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Akafikiria. "Basi nahitaji mapipa mawili," alisema, "moja la leo na moja la keshokutwa." Sikuwahi kuliona jambo hilo kwa upande wa bei ya pipa.

Tuliondoka kituoni na vidonge vipya na ahadi, na tukapita moja kwa moja gatini kwa sababu kivuko kilikuwa kinapakia. Mama mdogo alikuwa amevaa vizuri, begi lipo, karatasi ya Bugando ipo. Kulikuwa na msiba ng'ambo na watu wengi walikuwa wakivuka kwa pamoja, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanaume wamebeba masufuria. Alisimama chini ya mwembe akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Alipofika tisini na kitu aliacha. Mimi niliangalia: watu walikuwa wamekaa, jaketi okozi zipo, chombo hakikuwa kimejaa. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima kama mtu anavyomsikiliza mgeni, kisha akageuka akaanza kupanda njia ya kurudi nyumbani. Nikambebea begi.

Usiku sikumsemesha juu ya safari. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, akameza kidonge mbele yangu bila kuambiwa. Baadaye alianza mwenyewe. Alisema haogopi kufa, umri wake si wa kuogopa kufa. Anachoogopa ni kwamba siku ile alikuwa amesimama ufukweni akiwa na macho mawili mazima, akaona kila kitu, na kwamba jicho lilipoanza kufifia sehemu fulani ya moyo wake ilishukuru. Mimi nina shahada na miaka kadhaa ya kuandika makala za afya, na sikuwa na la kumjibu. Katika wilaya nyingi vijijini hata kumpata mtu wa kuzungumza naye baada ya jambo kama lile ni bahati. Tulijenga wodi, na tulifanya vizuri. Walioona hatukuwauliza kitu.

Jumamosi aliniamsha kukiwa bado na giza. Ng'ombe walikuwa wameshakatiwa majani ya siku mbili na kijana wa jirani alikuwa amepewa maagizo. Alitaka kivuko cha kwanza, kabla upepo haujaamka, na alikuwa na masharti: tukae nje, si ndani, avae jaketi kuanzia gatini, hata wakimcheka, na mimi nihesabu, yeye asihesabu.

Hakuna aliyemcheka. Mzee mmoja mwenye baiskeli aliyekuwa amekaa karibu yetu alimwangalia, akanyanyuka, akaenda kuchukua jaketi lake akavaa. Nilihesabu watu 46, mbuzi 3 na pikipiki 5. Kivuko kilipopita mahali pale, mahali ambapo kila mtu wa Bwisya anapajua bila kuonyeshwa, mazungumzo yalikatika kwa muda, hata kondakta alinyamaza. Mama mdogo alikuwa ameufumba mkono wangu ndani ya mkono wake kiasi cha kufanya vidole vife ganzi. Hakufumba macho. Alitazama maji upande wa jicho lisiloona, na nadhani alilipanga hivyo tangu tulipokaa.

Bugolora alishuka kabla yangu. Alivua jaketi, akalikunja vizuri kama kitenge, akalirudisha mwenyewe kwa mhudumu. Kisha akasimama katikati ya wauza samaki akauliza bei ya sato, akaambiwa, akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye Probox kwamba Bugolora wamekuwa wezi tangu alipoacha kuja.

Jicho lilifanyiwa upasuaji Bugando baada ya wiki tatu, presha iliposhuka. Kwa sasa yupo Igoma kwa mwanawe, anaona wajukuu na analalamika kwamba mjini hakuna anayelima. Ameniuliza mara mbili kivuko cha Jumamosi hupakia saa ngapi.